Tangi la matumbawe: upime nini kwanza, na ununue kipimo gani

Mtu akitaka kufuga matumbawe nyumbani, kabla hajanunua hata samaki mmoja atauziwa boksi la vipimo. Mna vichupa vinane au kumi vya dawa, kadi ya rangi, mirija ya kioo na karatasi ya maelekezo yenye herufi ndogo. Boksi hilo huvutia kwa sababu huonekana limemaliza kila kitu. Kumbe nusu ya vilivyomo mtu hatavihitaji kwa miezi kadhaa, vingine vitafikia tarehe ya mwisho havijafunguliwa, na vile atakavyovitegemea kila wiki mara nyingi havina uwezo wa kuonyesha tofauti ndogo anazozitafuta.

Kwangu mimi kipimo hununuliwa kwa ajili ya swali. Kabla hujalipa, jiulize: nikishapata namba, nitafanya nini? Kama hakuna utakachofanya, kipimo hicho kiache dukani mpaka wakati wake ufike. Kama kipo, jiulize la pili: je, kipimo hiki kinaona tofauti ndogo kiasi gani, na mimi nahitaji kuona ndogo kiasi gani? Ukishika maswali hayo mawili, mkanganyiko wa majina ya makampuni, vizio na bei unapungua sana.

Joto na chumvi kabla ya dawa yoyote

Vipimo viwili vya mwanzo havina kemikali hata tone. Cha kwanza ni kipimajoto. Matumbawe mengi yanayofugwa hukaa vizuri kwenye nyuzijoto 24 hadi 27. Mwaka 1998 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya Kenya, Tanzania na Shelisheli yalipauka na sehemu kubwa yakafa: joto likizidi kwa muda, tumbawe hutoa nje mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kulilisha, likabaki jeupe na njaa. Tangi lililo sebuleni Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Machi, bila kiyoyozi na taa zikiwaka mchana kutwa, hufika nyuzi 30 kwa urahisi. Nunua vipimajoto viwili vya bei ndogo badala ya kimoja cha bei kubwa. Vikipishana zaidi ya nyuzi moja, utajua mapema kwamba kimojawapo hakifai.

Cha pili ni kipimo cha chumvi. Maji ya bahari ya wazi yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji, na hapo ndipo tangi la matumbawe linapotakiwa kukaa. Ukisoma kwa uzito wa maji ya chumvi dhidi ya maji yasiyo na chumvi, ni kama 1.026. Madukani utakuta vifaa vya namna mbili. Haidromita ya mkono wa plastiki ni rahisi, lakini viputo vya hewa hujishikiza kwenye ule mkono na kuuinua, nawe ukadhani chumvi imepanda. Refraktomita ni bora zaidi. Unaweka matone mawili juu ya kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kusoma mstari unaotenganisha bluu na nyeupe.

Ila refraktomita ina mtego ambao wauzaji hawausemi. Nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya chumvi ya mezani iliyoyeyushwa, si kwa maji ya bahari, ambayo yana magnesiamu, kalsiamu, salfeti na vinginevyo. Tena maelekezo husema uirekebishe kwa maji safi mpaka isome sifuri. Ukifanya hivyo inakuwa sahihi kwenye sifuri na inakosea pale unapoihitaji, kwenye 35. Irekebishe kwa maji ya rejea yenye 35, yanayouzwa kwenye vichupa vidogo. Yakikosekana, unaweza kuyatengeneza: pima gramu 36.5 za chumvi safi, uziyeyushe katika gramu 963.5 za maji yaliyochujwa mpaka yasibaki na chumvi yoyote. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Mizani ya jikoni inayosoma nusu gramu inatosha, kwani kosa la nusu gramu kwenye kiasi hicho ni dogo.

Chumvi hupanda yenyewe bila mtu kuongeza chochote, maana maji hupotea kwa mvuke na chumvi hubaki. Tangi la lita 100 likipoteza lita 3 zisirudishwe, 35 inakuwa karibu 36. Siku mbili za feni ikipuliza juu ya maji zinatosha kufika hapo. Kwa hiyo kipimo hiki utakitumia zaidi ya vingine vyote mwanzoni, na kila namba nyingine utakayoipata baadaye inategemea hiki: chumvi ikizidi, kalsiamu na alkaliniti nazo zitasomeka juu, nawe utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Amonia na jamaa zake wawili

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha kusafisha taka. Chakula kinachooza na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, na kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na makali kama hizo za mwanzo. Kujenga majeshi hayo mawili kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita ukianza na mawe makavu. Swali la wakati huu ni moja tu: je, niweke mnyama au nisubiri?

Kwa swali hilo kipimo cha amonia cha bei rahisi kinatosha kabisa. Unaweka amonia kidogo, mpaka ifike kama miligramu 2 kwa lita, kisha unapima kesho yake. Ikiwa imeisha ndani ya saa 24, bakteria wapo. Huhitaji kujua kama ni 1.8 au 2.1. Unahitaji kujua kama ipo au haipo.

Kinachowatia watu hofu ni rangi ile ya kijani chepesi, katikati ya sifuri na 0.25, isiyokwisha wiki hadi wiki. Dawa yake ni rahisi. Pima maji ya tangi kwenye mrija mmoja, na kwenye mrija wa pili pima maji yaliyochujwa ambayo unajua hayana amonia. Isimamishe mirija hiyo pamoja mbele ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Rangi zikifanana, hiyo ndiyo sifuri ya kipimo chako. Fahamu pia kwamba vipimo vingi husoma amonia yote kwa ujumla, ilhali sehemu yenye sumu kali ni ile isiyo na chaji, na kwenye pH ya 8.2 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya jumla hiyo. Kusoma 0.25 kwenye tangi ambalo samaki wanakula na kuogelea vizuri si sababu ya kumwaga maji usiku wa manane.

Kipimo cha naitraiti ningekiruka. Kwenye maji baridi naitraiti huua samaki kwa kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, lakini kwenye maji ya bahari kloridi iliyojaa tele huizuia kuingia kwenye matamvua, kwa hiyo haina makali yale. Faida yake moja ya kweli nitaitaja nikifika kwenye naitreti.

Na pH? Kwenye tangi la matumbawe huenda kati ya 7.8 na 8.4, ikishuka usiku na kupanda mchana, na hewa ya chumba chenye watu wengi na madirisha yaliyofungwa huishusha. Mwanafunzi wa mwanzo akiipima atashawishika kumimina dawa za kuipandisha, na dawa hizo huvuruga alkaliniti. Fungua dirisha, kipimo ukiache.

Alkaliniti, hapa ndipo pesa iende

Kama uwezo wako unaruhusu kipimo kimoja tu kizuri, kiwe hiki. Alkaliniti ni uwezo wa maji kuhimili tindikali, na kwenye maji ya bahari uwezo huo unatokana zaidi na baikaboneti na kaboneti. Tumbawe huchukua malighafi hiyo pamoja na kalsiamu kujenga kiunzi chake cha chokaa. Bahari ina karibu 7 kwa kizio kinachoitwa dKH, na wafugaji wengi hukaa kati ya 7.5 na 9. Ukikuta kampuni nyingine inaandika kwa milikwivalenti, 1 yake ni sawa na 2.8 dKH. Ikiandika kwa miligramu za kalsiamu kaboneti, 50 zake ni hizo hizo 2.8.

Kwa nini alkaliniti na si kalsiamu, ilhali tumbawe limejengwa kwa kalsiamu? Hesabu itajibu. Tumbawe likijenga kiunzi, kwa kila dKH 1 inayotumika hutumika kama miligramu 7 za kalsiamu kwa lita. Tuseme alkaliniti imeshuka kutoka 8.5 hadi 7.1 ndani ya siku chache. Hiyo ni 1.4, mtu yeyote ataiona. Kalsiamu katika siku hizo hizo imeshuka kwa kama miligramu 10, kutoka 420 hadi 410, na vipimo vingi vya nyumbani vya kalsiamu vinaruka kwa hatua za 5, 10 au 20. Hutaona kitu. Kalsiamu ni ghala kubwa na alkaliniti ni ghala dogo, ingawa mlango wao ni mmoja. Ukitaka kujua tumbawe linakula kiasi gani, angalia ghala dogo.

Halafu alkaliniti ikiyumba ndiyo inayoumiza. Tumbawe huvumilia 7.5 kwa mwaka mzima na huvumilia 9 kwa mwaka mzima, lakini likitolewa 7.5 likapelekwa 10 kwa siku moja huweza kuchubuka nyama kutoka kwenye mfupa. Wenye uzoefu hawabadilishi zaidi ya dKH 1 kwa siku, na wengi hukaa chini ya hapo.

Sasa kipimo chenyewe. Cha bei nafuu huhesabu matone. Maji mililita 5, tone moja ni dKH 1. Kati ya 7 na 8 hakioni kitu. Ukitumia maji mara mbili, mililita 10, kila tone linakuwa nusu dKH, na kwa mtu mwenye matumbawe laini machache hiyo inatosha kwa kuanzia. Hatua inayofuata ni kipimo cha sirinji, na hiki ndicho ningemshauri mgeni akinunue.

Kinafanya kazi kama ile titrisheni ya maabara za sekondari. Unavuta mililita 4 za maji ya tangi, unayaweka kwenye kichupa na kudondosha matone mawili ya dawa ya rangi, yanageuka bluu ya kijanikijani. Kwenye sirinji ndogo ya mililita 1 unavuta tindikali mpaka ukingo wa chini wa mpira mweusi ulingane na alama ya mwisho. Kati ya mpira na tindikali patabaki hewa kidogo. Iache, haiharibu hesabu, maana unasoma mwendo wa mpira, husomi usawa wa maji. Kisha unadondosha, unazungusha kichupa, unadondosha tena. Mwanzoni hakuna kinachobadilika. Ghafla tone linaacha wingu jekundu linalopotea ukitikisa, hapo punguza mwendo. Tone linalofuata linageuza kichupa kizima kuwa rangi ya waridi na hakirudi tena. Simama, soma kilichobaki kwenye sirinji, angalia jedwali. Jambo la msingi ni kusimama kwenye rangi ile ile kila mara. Ukiamua kwamba mwisho wako ni waridi iliyokolea, uwe huo huo wiki ijayo.

Watu wengi huuliza kuhusu fotomita ndogo za mfukoni, zile zinazotoa namba kwenye kioo bila kulinganisha rangi. Zinafaa sana kwa asiyetofautisha rangi vizuri, na kuna wanaume wengi wa namna hiyo ambao hawajijui. Lakini namba kwenye kioo isikufanye uiamini kupita kiasi. Fotomita maarufu ya alkaliniti ya Hanna, kwa mujibu wa kampuni yenyewe, ina kosa la 0.3 ukiongeza asilimia 5 ya usomaji. Ikisema 8.0, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 7.3 na 8.7. Hilo halimaanishi ni mbaya. Kosa likiwa lile lile kila wiki halikudhuru, kwa sababu unafuatilia mwendo: jana 8.0, leo 7.8. Linalodhuru ni kubadilisha kipimo katikati ya safari, ukaona 8.6 kwenye kingine na kuanza kurekebisha kisichoharibika. Chagua kimoja, pima saa ile ile ya siku, baki nacho.

Usisahau kupima pia ndoo ya maji mapya. Chumvi za kutengeneza maji ya bahari hazifanani. Zipo zinazotoa 7 au 8, na zipo zilizokusudiwa kutoa 11 au 12 kwa kiwango kile kile cha chumvi. Ukibadilisha robo ya maji ya tangi lenye 7.5 kwa maji ya 12, umelirusha juu kwa zaidi ya dKH 1 kwa mkupuo bila kujua. Ni jambo la dakika tano kuligundua ukiwa na kipimo mkononi.

Kalsiamu na magnesiamu zinaweza kusubiri

Kwenye tangi lenye matumbawe laini, yasiyojenga mfupa mzito, kubadilisha maji kila wiki huirudisha kalsiamu yote inayotumika. Kipimo chake kinunue siku utakapoanza kuweka matumbawe magumu na kuona alkaliniti inashuka kati ya badilisho moja na jingine. Lengo ni kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Pima mara moja kwa wiki mbili au hata kwa mwezi.

Magnesiamu ina kazi ya pekee: huzuia kalsiamu na kaboneti kukutana na kuganda kuwa chokaa kabla tumbawe halijazitumia. Bahari ina karibu miligramu 1,300 kwa lita. Ukiwa unaongeza kalsiamu na alkaliniti kwa uaminifu, lakini namba hazipandi huku hita na pampu zikivaa ganda jeupe, hapo una swali la magnesiamu, na hapo nenda kanunue kipimo chake.

Naitreti na fosfeti, na hofu ya kufika sifuri

Kwa miaka mingi wafugaji waliambiwa wazishushe hizi mbili hadi sifuri. Matokeo yake matangi mengi yalijaa matumbawe yaliyofifia, na mengine yakavamiwa na dinoflageleti, ule utelezi wa kahawia wenye viputo unaorudi kila ukifutwa. Naitreti na fosfeti ni chakula. Zikizidi, mwani hutawala. Zikiisha kabisa, tumbawe hudhoofu. Kwa anayeanza, naitreti kati ya miligramu 2 na 15 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 kwa kizio hicho hicho, ni mahali pazuri pa kukaa.

Tazama hizo namba mbili, maana ndizo zinazochagua kipimo. Naitreti ya 5 na ya 10 ni tofauti ambayo macho yanaweza kuiona kwenye kadi ya rangi ya waridi, kwa hiyo kipimo cha rangi kinatosha. Zingatia mambo mawili tu. Kwanza, kemikali yake huigeuza naitreti kuwa naitraiti ndipo itoe rangi, kwa hiyo kama maji yako yana naitraiti tayari, usomaji utapanda uongo. Ndiyo maana namba ya naitreti kwenye wiki za mwanzo za tangi haina maana, na ndiyo faida moja ya kipimo cha naitraiti niliyosema nitaitaja. Pili, soma kwenye boksi kama kinaandika naitreti au nitrojeni iliyomo kwenye naitreti. Hiyo ya pili uizidishe kwa 4.43. Watu wawili wenye maji sawa wanaweza kubishana jioni nzima, mmoja akisema 2 na mwenzake 9, na wote wakawa sahihi.

Dawa ya naitreti ina unga unaotuama. Maelekezo yanaposema utikise kwa sekunde 30, tikisa kwa saa mkononi. Kutikisa kwa haraka hutoa namba ya chini kuliko ukweli, na hili ndilo chimbuko la sifuri nyingi zisizo za kweli.

Fosfeti ni habari nyingine kabisa. Kadi ya rangi ya boksi la kawaida huanza 0, halafu 0.25. Eneo lote unalolihitaji, kutoka 0.03 hadi 0.1, limo ndani ya hatua hiyo moja, kwenye bluu hafifu ambayo hakuna jicho litakaloigawa. Kipimo hicho hakijibu swali lako, na afadhali usiwe nacho. Kwa fosfeti fotomita inastahili gharama yake. Ile ya Hanna inayosoma hadi 0.90 ina kosa la 0.02 pamoja na asilimia 5. Ipo nyingine inayosoma fosforasi kwa sehemu za bilioni, yenye kosa la 5 kwenye kizio hicho pamoja na asilimia 5 ya usomaji. Hiyo zidisha kwa 3.066, gawanya kwa 1,000, upate fosfeti kwa miligramu kwa lita. Mfano ikisoma 20, fosfeti yako ni 0.06.

Kwa viwango vidogo namna hiyo mikono yako ni sehemu ya kipimo. Alama ya kidole kwenye kioo huzuia mwanga. Kiputo kimoja kilichobaki baada ya kutikisa unga hutosha kuigeuza 0.04 kuwa 0.09. Tumia kichupa kile kile kwa usomaji wa sifuri na usomaji wa mwisho, kielekeze upande ule ule, kifute kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi kabla ya kukitumbukiza, na ukimaliza kisuuze kwa maji yaliyochujwa, si ya bomba.

Na ukiona sifuri kwenye vyote viwili huku kioo kimefunikwa na mwani wa kijani, usiamini kwamba hakuna chakula. Kipo, kimeshaliwa. Kipimo husoma kilichobaki majini tu.

Maji yanakotoka, na dawa zinapokaa

Aliyeko pwani huuliza kama anaweza kuchota bahari na kuokoa gharama ya chumvi. Anaweza, na hapa vipimo vina kazi ya ziada. Chota maji yakiwa yamejaa, hasa wakati wa bamvua, mbali na midomo ya mito na mifereji. Karibu na mdomo wa Msimbazi au Sabaki, mvua za masika hushusha chumvi na kuleta tope pamoja na taka za mashambani na mjini. Kila shehena ipimwe chumvi na fosfeti kabla haijaingia tangini. Mawe na matumbawe yenyewe yaache yalipo: matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini, na mwamba wetu umeumia vya kutosha. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi.

Aliyeko Nairobi, Dodoma au Kampala atatengeneza maji kwa chumvi ya paketi, na yeye kipimo chake muhimu ni kile kidogo cha TDS kinachosoma chembe zilizoyeyuka kwenye maji yaliyochujwa. Yakitoka kwenye chujio la RO, lenye utando unaozuia chumvi, na kupita kwenye resini, zile punje zinazonasa chembe zilizobaki, yasome 0. Yakianza kusoma 5 au 10, badilisha resini. Maji ya kisima yana haja kubwa zaidi ya hilo, kwani mengi yana chumvi na naitreti yake yenyewe.

Wengi wetu huagiza dawa hizi kwa ndugu aliye Dubai, Muscat, Uingereza au Marekani. Mwombe asome tarehe ya mwisho kabla ya kulipa, na kama imebaki miezi minne aiache. Kabla ya kuagiza fotomita, hakikisha una njia ya kupata pakiti zake za unga kila zikiisha. Fotomita nzuri isiyo na dawa ni plastiki tu. Kipimo cha kawaida ambacho dawa zake unaweza kuzipata ndani ya wiki mbili kinakufaa kuliko kizuri ambacho dawa zake huja mara moja kwa mwaka. Zihifadhi ndani ya kabati lenye giza na ubaridi wa chumba, mbali na taa za tangi na mbali na watoto, kwa kuwa baadhi zina tindikali kali na baadhi ya unga wa naitreti una kadimiamu. Maji yaliyokwisha kupimwa kamwe yasirudi tangini.

Vibanzi vya karatasi vya kuchovya sivipendekezi kwa tangi la matumbawe, kwa sababu haviioni tofauti ya alkaliniti inayoua.

Zipo pia maabara, nyingi za Ujerumani, zinazopokea kichupa cha maji yako kwa posta na kukurudishia orodha ya elementi zaidi ya thelathini kwa mtambo wa ICP, unaozitambua elementi kwa kuyachoma maji kwa joto kali. Ni kazi nzuri kwa mwenye tangi kubwa la matumbawe magumu, au anayeshuku shaba imetoka kwenye bomba au kwenye dawa ya samaki. Lakini mtambo huo wenyewe hausomi alkaliniti, na kichupa kikikaa njiani siku kumi naitreti na fosfeti hazitakuwa zile ulizozitia.

Namba ikikushtua, usimimine chochote kwanza. Angalia chumvi, kisha rudia kipimo kile kile kwa mrija uliosuuzwa. Ikirudi ile ile, kipime kipimo chenyewe kwa maji ya rejea ambayo thamani yake imeandikwa kwenye chupa. Usipokuwa nayo, mpelekee mwenzako mwenye tangi mililita 50 za maji yako apime kwa kifaa chake. Viwili vikikubaliana, anza kurekebisha, kwa kiasi kisichozidi nusu ya unachodhani kinahitajika, kisha upime tena kesho saa ile ile.